Sura ya Tano: Mizani ya Mwenye Nyumba

Ni nadra kumsikia Mtanzania akisema anajenga nyumba. Atakwambia amemwaga jamvi, au amefika lenta, au ameshapaua na sasa anapambana na umaliziaji. Usimpe hongera haraka. Muulize kwanza yuko kwenye lenta kwa miaka mingapi.

Panda basi la Morogoro, kaa dirishani, na ukishapita Kiluvya anza kuhesabu maboma. Kabla hujafika Maili Moja utakuwa umechoka kuhesabu, na Mlandizi bado iko mbali. Mengine yamezungukwa na majani hadi usawa wa madirisha. Nalijua moja, nyuma kidogo ya Picha ya Ndege, ambalo sebuleni kumeota mpapai na tayari umezaa. Mwenye boma ukimuuliza kilichomkwamisha atajibu kwa neno moja: bei. Ni kweli bei zilipanda. Lakini ukikaa naye kwa utulivu, akafunua daftari lake kama analo, mtagundua kwamba fedha ilianza kuvuja zamani, kwenye mchanga ambao haukupimwa, kifusi ambacho hakikutarajiwa na nondo ambazo hakuna aliyezitia kwenye mizani.

Kwa hiyo sura hii haina orodha ya bei. Bei nitakazoandika leo zitakuwa zimechacha kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Wanaokumbuka Novemba 2020 wananielewa: saruji iliadimika, mfuko ukapaa kwa siku chache, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akawaagiza wakuu wa mikoa wafuatilie. Aliyekuwa amepanga ujenzi wake kwa bei ya Septemba alikwama. Aliyejua anahitaji mifuko mingapi, ya kazi gani na kwa mpangilio upi, alipunguza mwendo tu. Nitakupa vipimo basi, maana mita ya Kibaha ya mwaka huu itakuwa mita ile ile mwakani.

Udongo wa Ulaya

Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwasema Watanzania kwa ulevi wao wa saruji na mabati. Alisema saruji nayo ni udongo, ila ni udongo wa Ulaya, na kwamba watu walikuwa radhi kusubiri bati miaka nenda rudi badala ya kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae. Aliona ni ugonjwa wa fikra.

Wakati huo kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kimeshazalisha saruji tangu 1966, na tangu 1971 nchi ilikuwa na kitengo cha utafiti wa nyumba. Kitengo hicho ndicho leo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, unaojulikana zaidi kwa matofali ya kufungamana: udongo, saruji kidogo, mashine ya kushindilia kwa mkono, na tofali linalopangwa juu ya jingine kwa chokaa kidogo sana au bila kabisa.

Je, Mwalimu alikuwa sahihi? Nusu. Wazaramo wa Kisarawe walijenga kwa miti, fito, udongo wa kukandika na makuti, na nyumba hizo zilikuwa na baridi nzuri mchana wa Januari ambao chini ya bati hukaliki. Lakini ukuta wa udongo unahitaji mkono wa kuukandika kila baada ya mvua, na mfanyakazi anayeondoka alfajiri kwenda Dar es Salaam akarudi usiku hana mkono huo. Saruji inanunua muda. Tofali la kufungamana liko katikati ya hayo mawili, kwa sharti kwamba udongo wa kiwanja chako unakubali. Jaza chupa ya kioo udongo hadi nusu, ongeza maji, tikisa, iache hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, mfinyanzi juu. Unataka mchanga mwingi na mfinyanzi kiasi. Mchanga mweupe mtupu, wa aina inayopatikana sehemu nyingi za Kibaha, hautashikana. Ule mwekundu wa vilimani Kisarawe ndio wa kujaribu kwanza. Na ukijenga kwa tofali hili, inua msingi juu ya ardhi na urefushe upenu, maana adui wake ni maji yanayoruka kutoka chini.

Kiwanja ndicho kifaa cha kwanza

Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Zilikuwemo zilizojengwa kwa nondo nene na zege safi. Kabla ya kuulizia saruji, basi, pita halmashauri, ona ramani ya mipango miji, na omba kibali cha ujenzi. Upande wa Kisarawe ongeza swali la pili: mpaka wa misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi uko wapi?

Baada ya hapo tazama ardhi imelala vipi. Hapo ndipo Kibaha na Kisarawe zinapoachana.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu, mita 10 kwa 12, yenye jumla ya mita 80 za kuta za nje na ndani. Msingi wa matofali ya inchi 6 yaliyolazwa hula matofali kama 174 kwa kila kozi moja. Kwenye kiwanja cha tambarare, tuseme Kwa Mathias, kozi nne zinatosha: matofali 700 hivi. Sasa ichukue ramani ile ile uipeleke kwenye mteremko wa Kisarawe ambako ardhi inashuka mita 1.5 kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele. Ukiamua kusawazisha kwa kuinua upande wa chini, utaongeza karibu matofali 800. Kisha shimo lililobaki ndani ya msingi litadai mita za ujazo 90 za kifusi. Kwa lori la mita za ujazo 6, hizo ni safari 15. Fedha ya kupaua imeshazikwa, na bado hujaona ukuta.

Fundi mzoefu wa vilimani angefanya kinyume. Angechimba nusu ya juu kwa kina kinachofikia mita 0.75 na kuusukuma udongo ule ule nusu ya chini. Kifusi cha kununua kingefutika, kama udongo huo si mfinyanzi na ukishindiliwa kwa tabaka, na yale matofali 800 ya ziada yangebaki 200. Deni lake ni mfereji mzuri nyuma ya nyumba wa kupokea maji yanayotoka juu. Kwa hiyo kiwanja cha bei nafuu chenye mteremko kinaweza kuwa nafuu kweli, au ghali kuliko cha tambarare, kutegemea aliyechora ramani alikitembelea au aliinunua ikiwa imechorwa tayari kwa ajili ya kiwanja cha mtu mwingine.

Tambarare nako kuna mitego. Ukishuka kuelekea bonde la Ruvu unakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Hapo usiiamini desturi ya mtaani. Mlipe mhandisi, ada yake ni ndogo kuliko nyufa.

Tripu si kipimo

Kosa langu la kwanza nililifanya kwenye mchanga. Niliagiza tripu tatu, zikaja tatu, nikalipa tatu. Fundi akaniambia umepungua. Nilidhani ananiibia. Safari ya nne nilipanda kwenye bodi na futi: mita 3.5 kwa 2, mchanga umejaa hadi sentimita 60 wakati mbao za bodi zilikuwa na sentimita 80. Kilichopaswa kuwa mita za ujazo 5.6 kilikuwa 4.2. Robo nzima ilibaki machimboni, na mimi nilikuwa nimeshailipia mara tatu.

Nunua kwa mita za ujazo, upime kabla bodi haijanyanyuliwa. Mchanga ufikiche kiganjani: ukiacha vumbi linalonata, una udongo mwingi na utakula saruji. Wa ufukweni usiukaribishe, chumvi yake huozesha nondo. Kokoto nazo si kitu kimoja. Zile nyeupe za mawe ya chokaa ya Kunduchi na Boko ni laini kuliko za mwamba mgumu zinazotoka Lugoba. Kwa jamvi la chini la nyumba ya kawaida unaweza kuvumilia laini. Kwa nguzo na lenta lipa nauli ya Lugoba. Aliye Mlandizi yuko karibu zaidi na machimbo hayo, na wa Kisarawe yuko mbali. Ndiyo maana makadirio ya rafiki yako wa Kibaha hayawezi kuwa yako kama unajenga Maneromango.

Mfuko mmoja, matofali mangapi?

Hili ndilo swali la kumuuliza kila mwenye mashine ya matofali, ukimtazama usoni. Mfuko wa kilo 50 ni lita 35 za saruji. Tofali la inchi 5 lisilo na tundu ni lita 12.7 hivi. Akikuambia anatoa matofali 40 kwa mfuko, amejaza lita 508, yaani sehemu moja ya saruji kwa kama 14 za mchanga. Hilo ni mchanga uliopakwa rangi ya saruji. Akitoa 25, uwiano unakaribia moja kwa 9. Bado si tajiri, lakini litabeba ukuta wa nyumba ya chini. Bei ya tofali moja basi haina maana hadi ujue idadi hiyo. La bei ndogo linalovunjika matano kwa kila mia wakati wa kushusha tayari limekuzidi bei.

Ukuta wa matofali yaliyosimamishwa hula karibu matofali 10 kwa mita moja ya mraba. Ile nyumba yetu, ikiwa na kuta za mita 3 kwenda juu na ukishatoa milango na madirisha, ina mita za mraba 210: andaa matofali 2,100, na nyongeza ya yatakayovunjika.

Wengi hawajui kwamba tofali ni akiba bora kuliko mfuko. Saruji iliyohifadhiwa chumbani pwani hii yenye unyevu huanza kuganda. Ikikaa miezi mitatu usiitegemee kwa zege. Ukiigeuza kuwa matofali na kuyamwagilia maji kwa wiki moja au mbili, haichachi tena. Mtu wa mshahara mdogo anayefyatua matofali 200 kila mwezi uwanjani kwake amejikinga na kupanda kwa bei kuliko anayesubiri fedha itimie.

Gramu 890

Nondo ndiyo mahali ambapo macho hudanganywa kirahisi, kwa sababu milimita moja haionekani. Mizani inaiona. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, gawanya kwa 162, utapata kilo kwa kila mita. Nondo ya milimita 12: 144 gawanya kwa 162 ni kilo 0.89. Nzima ya mita 12 inapaswa kufikia kilo 10.7. Ya milimita 16 ni kilo 19 hivi, ya 10 ni kilo 7.4. Ukikuta ile iliyoandikwa 12 ina kilo 9, umeuziwa milimita 11.

Huhitaji maabara. Omba wakukatie kipande cha mita moja, kipeleke duka la jirani linalopima sukari. Kisome: gramu 890 au pungufu kidogo tu. Muuza sukari atacheka. Muuza nondo akikuona unaondoka na kipande hicho hatacheka, na mara nyingi hapo ndipo atakapokumbuka kwamba ana mzigo mwingine nyuma.

Uwiano wa zege la nguzo na lenta ambao mafundi wengi wanaufahamu ni 1:2:4, saruji, mchanga na kokoto. Wanaoupima kwa ndoo ni wachache. Toroli moja limejaa, la pili limelimbikwa kama kichuguu, na uwiano umekufa. Tengeneza boksi la mbao la lita 35, ujazo wa mfuko mmoja, kila kitu kipimwe humo. Kisha linda maji. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi wa zege hahitaji hata kusifiwa, anaongeza maji kwa sababu zege jepesi halichoshi mkono. Kila ndoo ya ziada inaacha matundu madogo zege likikauka. Zege zuri ni zito, linashindiliwa kwa bidii, na likishaganda linanyweshwa maji siku saba bila kukosa. Weka gharama ya maji kwenye bajeti, hasa kama unategemea boza. Kisarawe mjini mambo yalilegea mwaka 2020, bomba la kutoka Kibamba lilipofika. Vijijini boza bado ni mfalme.

Juu ya vichwa vyetu

Kwenye mabati kumbuka kanuni moja iliyopinda: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Rangi na muundo havisemi lolote kuhusu unene. Bati lenye umbo la vigae la geji 32 linaweza kumeta kuliko la migongo ya kawaida la geji 28, na miaka michache baadaye mkashuhudia tofauti pamoja na mvua.

Mbao nyingi za kupaulia zinatoka kwenye misindano ya Sao Hill kule Mufindi. Zenye dawa zina rangi, lakini rangi pia inauzwa. Kata ncha ya mbao moja: dawa halisi imeingia ndani, ya kupakwa imeishia ganda la nje. Mchwa wa Pwani watakupa jibu lile lile, ila kwa kuchelewa.

Akiba kubwa ya paa haiko kwenye bati, iko kwenye umbo. Kila kona ya paa inazaa bonde, kila bonde linadai mbao, misumari na bati la kukatwa likawa taka, na kila bonde ni mahali maji yatakapojaribu kupenya. Paa la kuficha, lililoenea sasa kila mtaa mpya, linapunguza mbao, lakini maji yake yote unayakabidhi mfereji mmoja uliojificha nyuma ya ukuta. Kama humwamini fundi wa mfereji, jenga upenu mrefu wa kizamani.

Mahali pa kupumzika

Nyumba ya mshahara hujengwa kwa kusimama. Kusimama hakuna ubaya, ila kuna mahali pa kusimama na mahali pa kukimbia. Msingi uliojazwa kifusi unaweza kuuacha upigwe na masika ya Machi hadi Mei. Mvua itakushindilia bure, kisha umwage jamvi udongo ukishatulia. Rundo la matofali yaliyoiva nalo linasubiri. Boma lisilo na paa halisubiri: mvua inaingia juu ya kuta, chokaa hafifu kinaoshwa, mbao za fremu zinapinda, na mbuzi wa jirani wanahamia.

Kwa hiyo ukimaliza msingi, zuia mkono. Usipandishe kuta kwa sababu tu umepata fedha ya kuta. Kusanya hadi uwe na ya kuta, lenta, mbao na bati kwa pamoja, uanze Juni, na kabla ya vuli ya Oktoba uwe chini ya paa. Ukishapaua, pumzika tena utakavyo. Watu wengi wamehamia kwenye nyumba isiyo na plasta, wakaacha kulipa kodi Mbezi au Kimara, na kodi hiyo hiyo ikapiga plasta. Mabomba ya nyaya na ya maji tu ndiyo yapite ukutani kabla ya plasta, hata kama umeme utauvuta miaka mitatu baadaye. Marumaru unaweza kuyabadilisha wakati wowote. Nondo iliyo ndani ya nguzo huwezi kuirudia.

Umpangie fundi kwa hatua hizo hizo: malipo ya msingi msingi ukiisha, ya lenta lenta ikifungwa, kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Vifaa nunua mwenyewe. Na kila mfuko wa saruji ukiisha, mfuko mtupu usitupwe. Ufungwe kwenye kamba na uhesabiwe Jumamosi. Waliopo Muscat au Mwanza wakituma fedha kwa ndugu, waombe picha ya mifuko mitupu pamoja na picha ya ukuta. Ukuta wa mita 10 hauwezi kula mifuko 40, hata kama ndugu ni mlokole.

Juzi nilipita tena Picha ya Ndege. Mwenye lile boma alikuwa ndani, suruali imekunjwa, anapima urefu wa kuta kwa futi ya mita 5 na kuandika kwenye daftari la shule la mwanawe. Hakuwa amenunua chochote bado. Nilimuuliza mpapai ataufanyaje.

"Utang'oka tukipaua," alisema, akaandika namba nyingine. "Kwanza nataka nijue ninahitaji mbao ngapi."